Mvua Hukingwa

Kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kimoja wilayani Ngara nilikuta tangazo la mafunzo ya "uvunaji wa maji ya mvua", wakulima wote wafike na majembe. Nilikuwa nimejibanza pale kuikwepa mvua yenyewe. Ng'ambo ya uwanja, chini ya mchirizi wa nyumba ya bati, beseni lilikuwa limejaa hadi linamwagika, na mama mwenye nyumba akampigia mwanawe kelele: "Leta na ile ndoo tukinge!" Nikalitazama tangazo, nikamtazama mama. Hakusema tuvune. Tangu siku ile neno la mlangoni limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kiswahili, kama ujuavyo msomaji mwenzangu, hupenda kukipa kila kitu kitenzi chake. Asali hurinwa. Nazi huanguliwa. Kahawa na karafuu huchumwa, mkungu wa ndizi hukatwa, muhogo hung'olewa, samaki huvuliwa, tembo hugemwa, maziwa hukamwa, maji ya kisimani hutekwa. Kuvuna tulikuachia mpunga, mtama na mahindi, vitu ulivyovipanda ukavipalilia na kuvilinda na ndege. Siku hizi maofisini kila kitu huvunwa. Miti huvunwa, mamba huvunwa, hata asali nimeisikia ikivunwa ilhali warina asali wangali hai na wana majina yao. Mvua nayo ikatiwa kapuni humohumo. Nani aliyeipanda?

Najua jibu la upande wa pili: lugha hai hupanua maana, na "kuvuna maji" ni tafsiri iliyokwishazoeleka. Sawa. Tafsiri si dhambi, na wala sikatai neno kwa sababu lilikuja na mgeni. Nalikataa kwa picha linayoichora. Mavuno huenda ghalani. Anayesikia "uvunaji wa maji" huona chombo: gata, bomba, na simtanki jeusi pembeni ya nyumba (jina la bidhaa moja lililokwishameza majina ya wenzake wote). Kwa paa la bati picha hiyo inafaa, nami sitagombana nayo. Lakini mwenye migomba na kahawa kwenye mteremko wa Ngara hana ghala jingine zaidi ya udongo wenyewe. Akisikia "vuna" hudhani habari hiyo haimhusu mpaka apate pesa ya tangi.

Basi tulipekue neno la yule mama.

Mtu hukinga uso kwa kiganja jua linapomchoma. Hukinga kofi. Humkingia nduguye kifua. Hospitalini twaambiwa kinga ni bora kuliko tiba. Huko kote mkono umegeukia nje, unazuia. Lakini mtu huyohuyo hukinga ndoo bombani, hukinga mikono wakati wa dua, hutandaza kanga akakinga embe zinazoanguliwa. Hapo kiganja kimegeukia juu, kinapokea. Kitenzi ni kimoja na viganja ni viwili. Hata ukingo wa mto nauona ni jamaa wa neno hili: ni mahali maji yanapoambiwa basi.

Sasa kasimame juu ya tuta lililochimbwa kuukata mteremko. Linayazuia maji yasiufagie udongo wa chini, na papo hapo linayapokea yazame kwenye mizizi. Anayelichimba hafanyi kwanza hili kisha lile. Pigo moja la jembe limefanya yote mawili. Kuvuna hakuwezi kusema hivyo, kwa kuwa mvunaji hazuii kitu. Kuzuia peke yake hakutoshi, kwa kuwa anayezuia hapati kitu. Kukinga kunasema yote, na kumekuwa kukisema hivyo kabla mradi wowote haujapanda vilima hivi na magari yake.

Wataalamu wa hifadhi ya udongo, kwa sifa yao, wanalo neno tayari: makinga maji. Ombi langu ni dogo. Tuliandike kwa pamoja, kingamaji, wingi makingamaji, kama mafundi walivyounganisha pimamaji. Na kazi yenyewe tuiite ukingaji. Mafunzo yale ya Ngara yangekuwa ya ukingaji wa mvua, na wakulima wangefika na majembe bila kujiuliza ni ya nini.

Na yanayokingwa yanaitwaje? Vitabu husema "maji ya mtiririko", au kwa kirefu zaidi "maji yanayotiririka juu ya ardhi". Kutiririka ni kitenzi kizuri mno, ndiyo kasoro yake. Machozi hutiririka. Jasho hutiririka. Kijito hutiririka katikati ya mawe nawe umekaa kando unakisikiliza. Maji ya mvua ya Aprili yashukayo kutoka kilele cha kilima cha Ngara hayana adabu hiyo. Yanakuja na takataka, kokoto na mbolea ya shamba la juu, na yanaondoka na ya kwako.

Lugha yetu haina njaa ya vitenzi vya maji: hutona, hudondoka, huchuruzika, hububujika, hufoka, huporomoka, hufurika, hutuama. "Mafuriko" ni makubwa kuliko jambo lenyewe. "Mkondo" unataka njia maalumu, na haya hayana njia, yanashuka kwa upana wa kilima kizima. Niliwahi kufikiria "maji ya mpito", nikacheka mwenyewe: katika nchi hizi za Maziwa Makuu neno hilo limeshachukuliwa na serikali, na serikali za mpito tunajua huchukua muda gani kupita.

Nimerudi kwenye lugha ya kawaida ya nyumbani, ambako kuna mgeni wa kupita na mgeni wa kukaa. Haya ni maji ya kupita. Hayakupiga hodi, hayana haja nawe, na yakiachwa yatakuwa Ziwa Viktoria kabla hujasafisha jembe. Ukingaji ni ufundi wa kuyafanya maji ya kupita yawe maji ya kukaa. Sioni sababu ya kutafuta istilahi nzito kuliko hiyo.

Majirani wa hapa wana maneno yao, na ni aibu kukaa mpakani bila kutega sikio. Pale Ruvubu unapoingia Kagera, maji hayo huanguka Rusumo, na leo yanazungusha mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sisi huandika "Maporomoko ya Rusumo". Lakini kwa Kinyarwanda na Kirundi isumo ndiyo maporomoko, kwa hiyo tunachoandika ni "maporomoko ya maporomoko". Sishauri tufute. Jina la mahali likishakaa limekaa. Nataka tu tujue tunachokitamka.

Ukivuka daraja la pale Rusumo kuingia Rwanda, mitaro inayochimbwa kukata miteremko huitwa imirwanyasuri. Lipasue neno hilo uone utamu wake: kurwanya ni kupigana, isuri ni mmomonyoko. Ni wapiganaji dhidi ya mmomonyoko, jeshi zima limelala kifudifudi kilimani. Mhangaza wa Ngara, ambaye lugha yake ni dada wa Kirundi, halihitaji kamusi neno hilo. Nalionea wivu kwa nguvu zake, ingawa lina upungufu uleule wa kuzuia: linajua kupigana na haliambii tumbo chochote. Askari hapandi mgomba.

Na mmomonyoko? Hapa nina malalamiko. Kumomonyoka ni neno la sauti. Lisikilize likimeguka mdomoni, mo-mo-nyo, kama kipande cha ukuta wa udongo kinachoachia punje baada ya punje. Lilizaliwa kwa ajili ya ardhi. Leo ukilisema Dar es Salaam, tisa kati ya kumi watakumalizia "wa maadili". Wahubiri na wahariri wamelihamishia kwenye sketi na nyimbo, na udongo umebaki kuwa maana ya pili. Tulirudishe shambani. Nako kunamomonyoka, tena bila mkutano wa waandishi wa habari.

Korongo lililotokana na mmomonyoko huo ni jina tunalomkodisha pia ndege mwenye miguu mirefu, na sioni ugomvi. Wote wawili husimama bondeni.

Kisha kuna fanya juu. Neno hili lilisafiri. Lilikomaa kwenye miteremko ya Machakos, Ukambani, miaka ya 1950, na sasa limo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya dunia nzima, halijatafsiriwa, kama safari lilivyo halijatafsiriwa. Mtaro unachimbwa, udongo unatupwa upande wa juu, na kwa miaka mingi shamba linajitengeneza ngazi lenyewe. Ukitupa udongo chini ni fanya chini. Najivuna kwa hilo kama Mswahili yeyote. Na bado, tukiwa sisi kwa sisi, tukubali kwamba si Kiswahili kizuri. Hakuna anayefanya chochote juu. Anatupa. Nalisikia neno hilo likitoka kwa msimamizi aliyesimama kivulini, asiye na vitenzi vingi, akinyoosha kidole: fanya! juu! Amri iligeuka kuwa nomino kwa kuwa aliyeamriwa ndiye aliyekuwa akichimba, na hakuulizwa yeye angeliitaje. Libaki hivyo katika vitabu vya wageni. Kwetu tuseme kingamaji la kutupia juu na kingamaji la kutupia chini, mtoto wa darasa la tatu atajua udongo unakwenda wapi.

Tuta lenyewe ni neno ambalo madereva wamelifanyia kazi nzuri kuliko wataalamu. Kwenye barabara ya Lusahunga hadi Rusumo malori ya kwenda Kigali hupunguza mwendo kila yafikapo matuta ya kijijini. Tuta la barabarani halimkatazi mtu kupita. Linamwambia: taratibu, hapa pana watu. Na tuta la shambani huyaambia maji maneno hayohayo. Afisa ugani anayetaka kueleza kwa nini hatujengi ukuta bali tuta, aanze na lori.

Mstari wa kuchimbia tuta nao wataalamu huuita kontua, na wakulima huusikia kama jina la dawa. Kwa nini? Fundi ujenzi wa kijijini ana pimamaji mfukoni, kile kifaa chenye kiputo kinachotulia katikati pale tofali linapolala sawa. Mstari unaouzunguka mlima bila kupanda wala kushuka ni mstari wa pimamaji, basi. Maji yakiwekwa juu yake hayajui pa kwenda, na ndiyo maana yote ya kuuchora. Mgeni mwenyewe, kontua, abaki kwenye ramani alikozaliwa.

Umesubiri kwa subira, msomaji, kuuliza nini hasa kilinisukuma kuyapima maneno haya. Ni mti ambao hauoti hapa. Nilikuwa nikisoma habari za mizeituni inayoishi kwa mvua chache kwenye ardhi ya mteremko, nikakwama kila mstari kwa kukosa neno. Mzeituni wenyewe tunao katika Kiswahili tangu zamani, kutoka zaytun ya Kiarabu, na wengi wetu tunaufahamu kwa Mlima wa Mizeituni kuliko kwa majani yake. Jamaa zake wa porini tunawapita kila siku: ule mti mgumu ambao maseremala wa kaskazini huuita loliondo ni wa ukoo huohuo.

Kuna kingine. Ngara ina mahali paitwapo Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Dunia ililisikia Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ikawekwa hapo penye bwawa. Na Benaco ndilo jina la kale la ziwa Garda la Italia ya kaskazini, ambalo miteremko yake imejaa mizeituni. Mkulima wa Ngara anaposema anakwenda Benaco kwa mguu, anataja ziwa la mizeituni bila kujua. Maneno hutembea kuliko watu.

Nirudi kwenye mizeituni ya mteremkoni. Huko Tunisia, kusini, kwenye milima ya Matmata, wakulima huziba makorongo kwa kingo za udongo, na nyuma ya kila ukingo udongo na maji hutulia, mzeituni ukapandwa hapo. Mashamba hayo huitwa jessour, wingi wa neno la Kiarabu jisr, ambalo ni daraja au boma la maji. Herufi tatu hizohizo za mzizi, j-s-r, ndizo zilizotupa sisi jasiri. Na ukingo wenyewe wa udongo wanauita, shikilia kofia yako, tabia. Si tabia yetu, hiyo ilitoka mzizi mwingine. Ni bahati ya masikio tu. Lakini mimi siiachi bahati kama hii. Kilima chenye tabia hakimwachii kila apitaye achukue atakacho.

Karibu na mji wa Sousse wanatenga shamba sehemu mbili: ya juu inaachwa bila kupandwa ili ikusanye maji, ya chini inabeba mizeituni na kunywa ya juu. Kila sehemu ina jina lake. Sehemu ya juu kwetu ina jina, tena zuri: kidakio, kutoka kudaka, kama golikipa. Watu wa mabonde ya maji wanalitumia kwa maeneo makubwa yanayolisha mito, na hakuna kinachotukataza kulishusha hadi kwenye robo eka. Aliyelibuni anastahili soda.

Sehemu ya chini kwetu haina jina. Ni lile bakuli linalochimbwa kuzunguka mgomba, mkahawa au mparachichi, mahali maji yaliyokingwa yanapofikia mwisho wa safari. Vijitabu husema "shimo", na shimo ni la taka na la kaburi. Wengine husema "eneo la kumwagilia", lakini umwagiliaji una kumwaga ndani yake, na kumwaga ndiko hasa tunakokimbia. Napendekeza kinyweo. Ni neno lililokuwapo, chombo cha kunywea, limesahaulika kabatini. Mgomba nao upate kikombe chake.

Tazama jinsi linavyokaa pamoja na wenzake: mvua hunyesha, kingamaji hunywesha. Tofauti ni herufi moja, nayo imebeba kazi yote ya mkulima. Kunyesha kumetokana na kunya, kitenzi cha kale ambacho leo hatukitaji mezani. Mbingu hujitua mzigo wake tu, hazijali unadondokea wapi. Kunywesha ni kunywa kuliko na mtu nyuma yake, anayeshika kikombe. Wahangaza husema imvura, Wahaya enjura, Waswahili mvua, na wote wanaijua ile tofauti kwa miguu, asubuhi baada ya dhoruba, wakikagua nini kimebaki.

Matandazo sina la kuyaongezea. Nyasi na majani ya migomba yakitandazwa shinani, jina limetoka katika ukoo wa kitanda na tandiko, na udongo unalala umefunikwa. Maneno mengine yamezaliwa yamekamilika, yaachwe.

Hata mteremko unataka kuangaliwa. Kilima ni kilekile, lakini sisi hukiita mteremko tukiwa juu na mwinuko tukiwa chini. Nimegundua kwamba vitabu vya hifadhi ya udongo vimejaa miteremko, yaani vimeandikwa kwa macho ya maji. Mwanamke anayerudi shambani jioni na mkungu kichwani anaona mwinuko. Kwa kuwa yeye ndiye atakayelichimba kingamaji, angalau vichwa vya habari viwe vya kwake.

Limebaki moja linalonisumbua, nami nawaachia ninyi wa Ngara na Biharamulo, Wahangaza, Washubi, Wazinza, na Wasukuma mliohamia na majaluba yenu ya mpunga. Katika kilima kilichogawanywa, kidakio changu ni shamba la jirani wa juu. Maji yake ya kupita ndiyo maji yangu ya kukaa. Lipo lazima tuta moja la mpakani, la juu kabisa katika shamba la kila mtu, linalopokea ya jirani kwanza, na ambalo likibomoka usiku ndilo huleta watu barazani kwa mwenyekiti asubuhi. Tuta lenye kesi nyingi namna hiyo haliwezi kukosa jina. Mnaliitaje? Niandikieni, na tafadhali mseme pia linavyotamkwa.